Kabla ya kusema "karuho", choo kipimwe

Katika makanisa yetu ya mashariki, mgonjwa wa tumbo hupewa majina matatu ya ugonjwa kabla hajafika hospitali. La kwanza hutoka kwa jirani: "Hiyo ni amiba." La pili hutoka kwenye farmasi ya barabarani: "Ni tifoide, nunua dawa ya siku kumi." Na kama miezi imepita, dawa zimekwisha, tumbo limevimba na mwili umebaki mifupa, la tatu hutoka kwa mzee wa familia au katika chumba cha maombi, tena kwa sauti ya chini: "Wamemlisha karuho." Jina hilo la tatu halikai peke yake. Linatafuta mtu. Litampata mke wa pili, au mama mkwe, au jirani aliyemkaribisha mgonjwa chakula siku ya kilio.

Wapendwa, jambo hili linatuhusu sisi watumishi kwa sababu mara nyingi mchungaji huitwa kabla ya daktari, na neno lake nyumbani kwa mgonjwa lina uzito kuliko karatasi ya maabara. Ndani ya utumbo wa mwanadamu wanaweza kuishi vimelea, yaani wadudu wadogo na minyoo wanaokula kwetu bila kulipa, na dalili zao zinafanana na za magonjwa mengine ya tumbo kiasi kwamba hata daktari mzoefu hawezi kuzitenganisha kwa macho. Yeye anaomba darubini. Sisi tusio na darubini tunamaliza kwa sentensi moja, na sentensi hiyo inaweza kumwua mgonjwa kwa kumcheleweshea dawa yake, kisha ikamwua mtu wa pili aliyekuwa mzima.

Majira haya yamefanya kosa hilo kuwa jepesi zaidi. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilichukuliwa na M23, na katikati ya Februari ikafuata Bukavu. Benki zilifunga milango, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, na watu kwa mamia ya maelfu wakahama, wengine kwa mara ya tatu au ya nne katika maisha yao. Mwezi huohuo wa Januari serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, ambayo ilibeba sehemu kubwa ya misaada ya kibinadamu katika nchi yetu. Kipindupindu, ambacho mwaka 2023 kilihesabiwa kuwa na wagonjwa zaidi ya 50,000 nchini, kiliendelea kusambaa mwaka 2025 katika majimbo mengi. Vituo vya afya, na vingi ni vya makanisa, vinapokea watu wengi na dawa chache. Muuguzi aliye peke yake mbele ya benchi lililojaa hawezi kupima choo cha kila mtu. Anakisia. Hatumlaumu, lakini tukumbuke kwamba kilichoandikwa kwenye karatasi mara nyingi ni makisio.

Damu katika choo

Tuanze na amiba, maana ndilo jina tunalolitumia zaidi. Amiba mwenye madhara anaitwa Entamoeba histolytica. Anaingia kwa maji au chakula kilichochafuliwa na choo cha mtu, anakaa katika utumbo mkubwa, na kwa watu wengi hafanyi lolote: karibu tisa kati ya kumi wanaombeba hawaugui. Kwa yule wa kumi anachimba ukuta wa utumbo. Mtu anahara damu na kamasi, tumbo linamkata, na mara nyingine amiba anasafiri kwa damu hadi kwenye ini na kufanya jipu huko. Mgonjwa wa jipu la ini ana homa na maumivu upande wa kuume chini ya mbavu, na mara nyingi hahari hata kidogo. Basi anatibiwa malaria, kisha malaria tena.

Lakini amiba huyu ana ndugu yake, Entamoeba dispar, ambaye haleti ugonjwa. Vifuko vyao, yaani vile vinavyotoka na choo, havitofautiani hata kidogo chini ya darubini ya kawaida. Ndiyo sababu mwaka 1997 wataalamu walioitwa na OMS walishauri kwamba mtu asiye na dalili asipewe dawa kwa ajili tu ya karatasi iliyoandikwa "vifuko vya amiba". Kinachoonyesha kweli kwamba amiba ndiye anayechimba ni kumwona akiwa hai, anatembea, amemeza chembe nyekundu za damu. Kwa hilo choo kinatakiwa kitazamwe kikiwa kipya, ndani ya nusu saa. Kile kilichosafiri asubuhi nzima juu ya pikipiki ndani ya kopo la majarini hakiwezi tena kutoa ushahidi huo, hata kama mpimaji ni hodari.

Tena kuna jambo kubwa kuliko hilo. Bakteria anayeitwa Shigella analeta kuhara damu kunakofanana kabisa na kwa amiba, na dawa zao ni mbali mbali. Mwaka 1969 huko Guatemala, Amerika ya Kati, watu walianza kuhara damu kwa wingi. Katika maabara walimwona amiba, kama ambavyo wangemwona kwa wakaaji wengi wa nchi ile hata wakiwa wazima, nao wakatibu amiba. Kumbe ulikuwa mlipuko wa Shigella dysenteriae aina ya 1, na dawa ya amiba haikuugusa. Katika muda usiofika mwaka mmoja zaidi ya watu 10,000 walikufa katika nchi ile moja. Amiba alikuwepo kweli katika vyoo vile. Waliomwona hawakusema uongo, ila hawakuuliza kama ndiye anayeua.

Ninaileta habari ya Guatemala kwa sababu Shigella wa aina hiyohiyo alionekana kaskazini-mashariki mwa Zaire mwaka 1979, na katika miaka iliyofuata akazunguka nchi za Maziwa Makuu. Waliokuwa Goma katikati ya mwaka 1994 hawajasahau: karibu wakimbizi 50,000 kutoka Rwanda walikufa katika mwezi wa kwanza, kwanza kwa kipindupindu, kisha kwa kuhara damu. Kwa hiyo mafundisho ya OMS kwa watoto wadogo ni haya: mtoto wa chini ya miaka mitano anayehara damu atibiwe kwanza kama mwenye Shigella, kwa antibiotiki inayofaa, maana kwa umri huo amiba si kisababishi cha kawaida. Mama anayemnunulia Flagyl kwenye kibanda na kungoja siku tatu aone itakavyokuwa, siku hizo tatu mtoto hana.

Tifoide nayo ni ugonjwa wa kweli, na ni mkali. Inaweza kutoboa utumbo, sawa na amiba anavyoweza, na hapo mgonjwa anahitaji kisu cha daktari usiku huohuo. Lakini tifoide nyingi tunazoandikiwa zinatoka katika kipimo cha Widal, kilichopewa jina la daktari Mfaransa Fernand Widal aliyekitangaza mwaka 1896. Kipimo hiki hakimtafuti mdudu mwenyewe. Kinatafuta askari ambao mwili uliwatengeneza kupigana naye, na askari hao wanakaa miezi mingi baada ya vita, tena wanaweza kuonekana kwa mtu mwenye ugonjwa mwingine, hata malaria. Karatasi moja yenye alama ya "chanya" haitoshi kusema kwamba leo kuna tifoide. Uhakika unapatikana kwa kuotesha damu ya mgonjwa katika maabara, na maabara zenye uwezo huo ni chache kwetu. Tunao washirika waliotibiwa tifoide mara nne katika mwaka mmoja. Mtu wa namna hiyo, kama tumbo ni lilelile na maumivu ni yaleyale, afadhali aulizwe kama aliwahi kuwa na tifoide hata mara moja.

Ziwa, ini, na karuho

Msomaji wa Bukavu, wa Uvira au wa Goma hahitaji kuelezwa karuho. Ni sumu ya polepole, wanasema, ambayo mtu anatiliwa katika chakula au kinywaji, nayo inamla kwa ndani muda mrefu. Dalili tunazisikia kila mahali: tumbo kuuma na kuvimba, mwili kukonda, ngozi kubadilika, na mwishoni kutapika damu. Sitasema kwamba hakuna mtu aliyewahi kumpa mwenzake sumu. Tangu Kaini moyo wa mwanadamu tunaujua. Lakini dalili zile tunazoziita karuho, moja kwa moja, ni dalili za ugonjwa unaoishi katika maji yetu.

Ugonjwa huo ni bilharzia ya utumbo, ambayo ndugu zetu wa Tanzania wanaiita kichocho cha tumbo. Jina limetoka kwa daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, aliyeona minyoo ya bilharzia mwaka 1851 huko Cairo. Ile inayokaa katika utumbo inaitwa Schistosoma mansoni. Mtu mgonjwa anajisaidia karibu na maji. Mayai ya mnyoo yanaanguliwa majini, na vitoto vyake vinaingia ndani ya konokono mdogo anayekaa kwenye majani ya ufukoni. Baada ya majuma kadhaa konokono huyo anatoa vitoto vingine kwa maelfu, na hivyo vinapenya ngozi ya yeyote anayesimama ndani ya maji: mvuvi, mama anayefua, mtoto anayeoga, mkulima wa mpunga. Dakika chache zinatosha, na mara nyingi mtu hasikii kitu, labda mwasho kidogo. Minyoo inakua, dume na jike wanakaa pamoja ndani ya mishipa ya damu ya utumbo kwa miaka, na jike anataga mayai mengi kila siku. Sehemu yake inatoka na choo. Sehemu nyingine inakwama katika ukuta wa utumbo na ndani ya ini.

Hapo ndipo ugonjwa unapovaa nguo za wengine. Katika majuma ya kwanza inaweza kuwa homa na uchovu, na watu wanasema malaria au tifoide. Kisha kuhara kunakokuja na kuondoka, pengine na damu, na watu wanasema amiba. Miaka inapita. Mayai yaliyokwama yanaacha makovu katika ini, damu haipiti tena vizuri, wengu unakua mkubwa, tumbo linajaa maji huku mabega na mikono ikikonda. Mishipa ya njia ya chakula inajaa na kutuna, na siku moja mmoja unapasuka. Mtu aliyekula ugali wake jioni anatapika damu beseni zima usiku. Nani usiku ule atafikiria konokono wa mwaka 2012? Familia inakumbuka alikula wapi mara ya mwisho.

Katika Ituri, watafiti waliopima watu wa vijiji mwaka 2017 kwa vipimo viwili pamoja walikuta kwamba zaidi ya nusu walikuwa na bilharzia ya utumbo. Ugonjwa unajulikana pia kwenye pwani za Ziwa Tanganyika, katika bonde la Ruzizi pande zote mbili za mpaka, na katika Maniema. Basi tufikiri kama watu wenye akili waliyopewa na Mungu. Mlisha sumu hana sababu ya kuwachagua wavuvi na wakulima wa mpunga. Nyumba ambamo baba amevimba tumbo, mwaka unaofuata mjomba, kisha mtoto wa kwanza, inaonekana machoni petu kama nyumba iliyolaaniwa. Kitu ambacho watu hao watatu wanashirikiana bila shaka yoyote ni mahali wanapoingia majini.

Mganga wa miti shamba ambaye kazi yake ni "kuondoa karuho" kwa kawaida anampa mgonjwa dawa ya kumtapisha. Kwa mtu ambaye mishipa yake ya ndani imetuna namna ile, kutapishwa kwa nguvu ni hatari kubwa. Akitoka damu, watu wanasema: mnaona, sumu imetoka.

Na dawa ipo. Inaitwa praziquantel, vidonge vinavyohesabiwa kwa uzito wa mtu, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo, na mara nyingi vinamezwa siku moja tu. Inaua minyoo mikubwa na kuiacha ile michanga, kwa hiyo aliyeingia majini karibuni huenda akahitaji kurudia baada ya majuma kama sita. Kampuni ya Kijerumani Merck imekuwa ikiitoa bure kupitia OMS tangu mwaka 2007, kwanza kabisa kwa watoto wa shule. Mwaka 2022 OMS ilipanua ushauri wake: mahali ambapo angalau mtu mmoja kati ya kumi anao ugonjwa, wapewe watu wote kuanzia miaka miwili, wavuvi na mama wa nyumbani wakiwemo. Uamuzi huo mzuri unahitaji barabara, wauguzi waliolipwa na usalama, mambo ambayo sasa ni haba kwetu. Lazima niongeze kwamba praziquantel haifungui kwa haraka ini ambalo makovu yamekwisha kulifunga. Kijana wa miaka kumi na tano akitibiwa leo anapona. Akiletwa na miaka thelathini na tano, baada ya maombi ya kufunguliwa na waganga watatu, daktari anabaki kupunguza tu.

Hapo mtu asije akanielewa vibaya na kuanza kuita kila tumbo lililovimba bilharzia. Hiyo ingekuwa kubadilisha jina moja la haraka kwa lingine. Kuna homa ya ini ya aina ya B, na saratani ya ini inayoifuata. Kuna kifua kikuu cha tumbo. Kuna UKIMWI, ambao unafungulia mlango vimelea vidogo vya kuhara kusikokwisha. Kuna vidonda vya tumbo. Giardia inajaza tumbo hewa na kumfanya mtoto achukie maziwa, nayo inachukuliwa kuwa "tumbo baya" la kuzaliwa nalo. Minyoo mikubwa ya askaris ikijikusanya kama fundo inaziba utumbo wa mtoto, na wazazi wanaita kulogwa tumbo ambalo linahitaji upasuaji. Magonjwa ni mengi, na kila moja lina njia yake ya kutafutwa. Karuho peke yake haina maabara, ndiyo maana inapatikana haraka.

Dawa inayomfungua mnyoo

Kosa linaweza pia kwenda upande wa pili, na hili linawagusa jamaa zetu waliopelekwa Marekani na Ulaya kutoka makambi ya Uganda, Burundi na Tanzania. Katika nchi ambako vimelea ni vichache, daktari akiona utumbo wenye vidonda na damu anafikiri kwanza juu ya magonjwa ambamo mwili unajishambulia wenyewe, na dawa yake ni kortizoni, inayopunguza nguvu ya askari wa mwili. Kama ndani kulikuwa na amiba, kortizoni inamwachia huru, na utumbo unaweza kutoboka. Kuna pia mnyoo mdogo sana, Strongyloides, anayeingia kwa ngozi ya miguu kutoka udongoni na anayeweza kuzaliana ndani ya mtu huyohuyo kwa makumi ya miaka bila kumsumbua sana. Mtu huyo akipewa kortizoni, minyoo inaongezeka bila kizuizi na kusambaa mwilini, na wengi hawaponi. Kwa hiyo mwambieni kijana wenu aliye ng'ambo amweleze daktari wake wazi: nimekulia Kongo, nilitembea bila viatu, niliogelea ziwani. Maneno hayo hayana aibu, na kwa daktari wa huko yana thamani kubwa.

Hapa nyumbani hatari hiyo ina sura nyingine. Deksametazoni, ambayo ni ya jamaa hiyohiyo ya kortizoni, inauzwa bila karatasi ya daktari kwa dada wanaotaka kunenepa, wengine wiki chache kabla ya arusi. Mama wa idara ya wanawake wanaweza kulisema jambo hili vizuri kuliko mchungaji. Na vidonge vya mebendazole vinavyotolewa shuleni, ingawa vinasaidia dhidi ya askaris, dozi moja yake haitoshi kumwondoa Strongyloides. "Nilikunywa dawa ya minyoo" hakumaanishi kwamba minyoo yote imekwisha.

Kuhani alitazama, akangoja

Sasa kwa sisi wenyewe. Sura ya 13 ya kitabu cha Walawi tunaipita haraka tukisoma Biblia kwa mwaka, kwa sababu ni ya vidonda na nywele nyeupe. Lakini angalieni kazi ambayo kuhani alipewa pale. Mtu analetwa kwake na alama mwilini. Kuhani anatazama. Kama si wazi, hampi jina. Anamweka kando siku saba, kisha anatazama tena, na ikibidi siku saba nyingine. Jina la ugonjwa wakati ule lilimtoa mtu kambini, mbali na mke na watoto, na Mungu hakumruhusu mtumishi wake kulitamka kwa kuona mara moja tu, isipokuwa alama iwe wazi. Na Paulo, akimwandikia Timotheo juu ya tumbo lake na udhaifu wake wa mara kwa mara, anazungumza juu ya kile anachokunywa. Hamtafutii adui huko Efeso, na maadui Timotheo alikuwa nao.

Linganisheni na yanayofanyika kwetu. Mwaka 2021 katika Kivu Kusini wanawake kadhaa waliuawa na umati baada ya kutajwa kuwa wachawi, na wengine kati yao walitajwa na wanawake watabiri wanaoitwa bajakazi, wenye vyumba vya maombi. Wale waliouawa walikuwa wazee wengi wao, na mama wajane tunaojua viti vyao kanisani. Sijui ni mtumishi gani anaweza kusimama mbele ya Mungu na kusema kwamba hakusikia. Kuomba kwa ajili ya mgonjwa tumeamriwa, na mafuta na kuwekea mikono viendelee. Kumtaja mtu kwa jina kama mwenye kumla mgonjwa ni jambo lingine, na katika chumba chochote kilicho chini ya paruwasi zetu likatazwe na baraza la wazee, likiandikwa katika daftari ya mkutano, ili atakayelifanya ajue amevunja nini.

Na mgonjwa wa tumbo akija kuombewa, mtumishi aulize maswali ambayo muuguzi angeuliza kama angekuwa na nafasi. Umekaa wapi, na unaingia maji gani? Umeanza lini? Choo kimepimwa mara ngapi, na kilikuwa kipya? Kipande kinachotazamwa kwa mayai ya bilharzia kina uzito kama wa punje mbili za mchele; kipimo kimoja kisicho na mayai hakitoshi, na inafaa kurudia siku nyingine. Umewahi kutazamwa ini kwa ekografia? Umepimwa kikohozi, na virusi vya UKIMWI? Je, kuna wengine nyumbani wenye hali hiyohiyo? Mtu akiwa anatapika damu, choo chake ni cheusi kama lami, tumbo limekuwa gumu kama ubao, au mtoto amelegea na hawezi kunywa, maombi yafanyike njiani kuelekea hospitali.

Fedha ni swali la kweli, siwezi kulificha. Tangu benki zifungwe, hata aliyekuwa na mshahara anakopa. Lakini mfuko wa diakonia tunautumia kwa nini? Tunachanga haraka kwa ajili ya sanduku, kitambaa cheusi na chakula cha kilio. Kipimo cha choo ni kati ya vipimo rahisi kabisa katika kituo cha afya. Paruwasi yenye vikundi kumi inaweza kuamua kwamba kila mgonjwa wa tumbo wa zaidi ya majuma mawili analipiwa kipimo hicho mara mbili, kabla mtu yeyote hajatamka lolote juu ya chanzo chake.

Kuna jambo la mwisho ambalo ni letu peke yetu, nalo ni ubatizo. Sisi tunazamisha. Kwenye Tanganyika na Albert tunawapanga wabatizwa ndani ya maji, mara nyingi baada ya ibada ndefu, jua likiwa juu, na saa hizo za jua kali ndizo konokono anapotoa vitoto vyake kwa wingi. Mbatizwa anakaa majini dakika tano. Mchungaji na mashemasi wake wanakaa saa nzima, kila Pasaka, miaka ishirini. Ubatizo ukifanywa mapema asubuhi, mahali penye mchanga pasipo majani ya ufukoni na pasipo vyoo karibu, hatari inapungua, ingawa haikwishi. Kanisa lenye kisima cha saruji, likijaza maji na kuyaacha yakae siku mbili bila konokono ndani, linabatiza bila hofu hiyo. Wanaobatiza ziwani wapange pamoja na kituo cha afya kwamba baada ya majuma sita hivi wabatizwa wote, pamoja na mchungaji, wapimwe choo, na wanaohitaji praziquantel waipate. Orodha ya majina tayari ipo katika daftari ya ubatizo.